Kura ya Krismasi

Kengele ya shule ikilia saa tisa na nusu, wenzake Asnath hushika njia ya kwao. Yeye hukata kushoto, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi jekundu la Msalato, akaenda zake kituo cha afya kumngoja mama yake. Ukimwuliza kwa nini asiende nyumbani, atakwambia nyumbani hakuna mtu. Baba yake ni dereva wa lori, leo yuko Singida, kesho utasikia yuko Tunduma.

Mama yake, Evelina, ni msimamizi wa wahudumu wa usafi pale kituoni. Usisikie neno msimamizi ukadhani anakaa ofisini. Wahudumu wenyewe ni wanne tu: yeye, Fabian, Ruthu na Zipora. Wote wanapiga deki, wanafua mashuka, wanachemsha maji ya wazazi. Asnath hukaa kwenye benchi la stoo, akafanya hesabu zake za darasa la sita katikati ya ndoo na mifagio, mpaka mama amalize.

Sasa, ugonjwa haujui sikukuu. Krismasi ikifika watu wanapika pilau, lakini mama mjamzito akishikwa na uchungu hatangoja pilau iive. Kwa hiyo kila sikukuu lazima mhudumu mmoja abaki kazini, na hakuna anayetaka kuwa huyo mmoja. Zamani walikuwa wakigombana mpaka wananuniana. Ndipo Evelina akabuni utaratibu wa kura. Majina manne yanaandikwa kwenye vikaratasi, yanakunjwa, yanatiwa kwenye bakuli la bati, na Asnath anachota moja.

"Mkono wa mtoto hauna upande," alisema Evelina siku ya kwanza, na wote wakakubali.

Kweli haukuwa na upande. Mwaka juzi mkono huohuo ulimchota mama yake abaki Krismasi. Pasaka ikaja, ukamchota tena! Fabian, mtu wa mizaha, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Asnath, mwanao anakupenda mpaka anakupangia kazi!" Watu wakacheka. Asnath hakucheka. Sikukuu zote mbili alikula kwa jirani, na kwaya ya watoto ilipoimba kanisani aliangaza macho benchi kwa benchi akimtafuta mtu ambaye alijua hayupo. Iliuma, nanyi msidanganyike kwamba mtoto husahau.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Desemba, bakuli likatolewa tena. Aliyechaguliwa angefanya kazi siku mbili mfululizo, Krismasi na kesho yake. Evelina alikuwa amekata vikaratasi kutoka kwenye daftari, vikatoka vitatu tu, karatasi ikaisha. Cha kwake akakikata kwenye boksi la dawa lililokuwa pale mezani. Hakuwaza kitu. Asnath alimwona akikikata.

"Haya, mwanangu, chota."

Asnath akaingiza mkono, akatazama pembeni kama ilivyo desturi. Vidole vyake vikashika kitu kigumu. Kipande cha boksi! Jina la mama. Kura ilikuwa imeshamwangukia mama, mwaka wa pili, na wote walikuwa wanangoja autoe mkono. Alikiachia kile kigumu, akachota laini.

"Zipora," akasoma Evelina.

Zipora alikuwa mwanamke mpole, mzaliwa wa Kwa Mtoro, huko wilaya ya Chemba. Kazi yake alikuwa akiifanya kimyakimya, na kila Krismasi alikuwa akienda kwao kumwona mama yake mzazi. Siku moja ya mapumziko haimtoshi. Mvua zikinyesha mito inajaa, na basi linaweza kulala njiani. Siku ile hakulalamika. Alisema tu, "Kura ni kura," akaenda kuchukua dekio lake.

Krismasi, Asnath aliimba, na safari hii mama yake alikuwa benchi la pili, amejifunga kilemba cha kijani, anatabasamu mpaka machozi yanamlenga. Ndicho alichokitaka mwaka mzima. Baada ya ibada wakafunga chakula kwenye hotipoti wakampelekea Zipora kazini.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umeimba vizuri."

Chini ya sare yake Zipora alikuwa amevaa kitenge kipya, cha njano chenye maua mekundu. Mlangoni mwa stoo palikuwa na begi la bluu, limefungwa tayari kwa safari, endapo ruhusa itapatikana. Ndani, alisema, mlikuwa na khanga ya mama yake, sukari kilo mbili na mafuta ya kujipaka.

"Kaka amenipigia simu sasa hivi," akamwambia Evelina. "Mama ametoa kigoda nje tangu asubuhi. Amekaa anaitazama barabara ya basi. Wanamwambia siji, hataki kusikia. Anasema, 'Nani kasema haji? Krismasi huwa anakuja.'"

"Pole, mwenzangu," akasema Evelina. "Na macho yake je?"

"Yanazidi kufifia. Madaktari walisema hayatibiki tena. Lakini mwaka jana alinitambua kwa mwendo, nikiwa bado mbali." Akacheka kidogo. "Hiki kitenge nilikinunua cha njano makusudi, anione upesi."

Asnath alikuwa ameshika kijiko. Akakirudisha kwenye hotipoti. Jamani! Aliitazama ile njano, akatazama chini.

Tangu siku hiyo amani ilimhama. Zipora hakulirudisha begi nyumbani kwake. Alilisukuma chini ya benchi la stoo, akisema akilifungua ataona kama amekata tamaa. Na benchi lenyewe ndilo lile la Asnath. Akikaa kufanya hesabu, kisigino kinaligusa. Akivuta miguu juu, anajua lipo. Januari ikapita, Februari ikapita, begi likashika vumbi, na kila siku lilikuwa palepale likimngoja.

Hata mama yake Zipora, bibi ambaye hakuwahi kumwona, Asnath akaanza kumwona kila mahali. Njiani akipita mzee ameketi nje ya nyumba, Asnath anaongeza mwendo. Darasani mwalimu akigeuka ubaoni, yeye anakiona kigoda kando ya barabara, na mtu juu yake amekaza macho huko basi linakotokea. Akiguswa na karatasi ngumu, jalada la kitabu au boksi la chaki, vidole vinashtuka vyenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na cha Asnath kilikuwa mkononi kabisa, mkono wa kulia, ule anaoandikia.

"Wewe mtoto unaumwa?" mama yake alimwuliza.

"Hapana, mama."

Angesema nini? Akisema, watu wataamini kwamba mama ndiye aliyemtuma. Msimamizi aliyejitoa zamu kwa mkono wa mwanawe! Nani angemwamini tena? Wangemvua usimamizi, na pengine hata kazi. Hilo ndilo lililomfunga mdomo. Na kadiri alivyonyamaza, ndivyo yule bibi alivyozidi kukaa pale nje.

Ikafika katikati ya Machi. Siku ya kupiga kura ya Pasaka, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, Asnath alimkuta Zipora nyuma ya kituo akiongea na simu kwa Kisandawe, ile lugha yenye milio ya ulimi. Hakuelewa neno hata moja. Lakini Zipora alipokata simu alibaki amesimama, uso ameuelekeza ukutani, na hakugeuka hata aliposalimiwa.

Stooni bakuli lilikuwa tayari. "Haya, mwanangu, chota."

Asnath akaunyanyua mkono. Ukafika ukingoni mwa bakuli, ukagoma. Akausukuma, ukagoma kabisa.

"Vipi, kuna nyoka humo?" akatania Fabian.

"Siwezi," akasema Asnath. "Mkono wangu una upande."

Wakatazamana. Ndipo maneno yakamtoka yote kwa pamoja, kilio juu yake: kipande cha boksi, jinsi alivyokishika, jinsi alivyokiachia. "Ilikuwa zamu ya mama. Nilikiachia nikamchota Anti Zipora. Mama hakunituma, haki ya Mungu hakunituma! Hajui chochote."

Ruthu ndiye aliyesema kwanza, na hakusema kwa upole. "Kumbe! Sisi tunasema bakuli limeamua, kumbe bakuli lina mwenyewe!"

Evelina alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Uso ulimshuka. Asnath hakuwahi kumwona mama yake hivyo, na hofu yote aliyoibeba tangu Desemba ikawa mbele yake, kweli tupu.

"Sikumtuma," Evelina akasema mwishowe, taratibu. "Lakini mtoto ni wangu, na lile boksi nililikata mimi. Zipora, sina uso wa kukutazama. Pasaka nabaki mimi, siku zote nne. Nitazungumza na mganga mfawidhi leo hii, nimweleze yote. Akitaka kuniondoa usimamizi, aniondoe."

Wote wakamgeukia Zipora. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono magotini.

"Krismasi mama alikuwa bado anaona kidogo," akasema. Aliinama, akalivuta begi la bluu kutoka chini ya benchi, akalipangusa vumbi kwa kiganja.

Fabian akakohoa. Mizaha ilikuwa imemwisha. "Mtoto amekosa, amekosa sana. Ila na sisi tujitazame. Mama Asnath aliachwa hapa Krismasi ya mwaka juzi na Pasaka iliyofuata, mimi nikacheka. Kura haina macho. Inaweza kumng'ang'ania mtu mmoja miaka mitatu, na sisi tukaita haki. Mimi nasema hivi: aliyefanya kazi sikukuu moja, jina lake lisirudi bakulini mpaka wenzake wote wapite."

Hata Ruthu alitikisa kichwa kukubali. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, alipoelezwa, alimkemea Evelina kwa uzembe wa boksi, akamwacha kwenye usimamizi, na utaratibu mpya akaubandika ukutani.

Pasaka hiyo Asnath hakwenda kwaya. Alisema mwenyewe kwamba haendi. Alishinda kituoni na mama yake, anabeba maji, anasuuza madekio. Kengele za kanisa zilisikika kwa mbali, na nyimbo alizozijua zikaimbwa bila yeye. Chini ya benchi palikuwa patupu. Alipatazama mara nyingi, na hakuona nafuu aliyoitazamia.

Jumanne Zipora akarudi. Asnath alimngoja mlangoni mwa stoo.

"Shikamoo, anti. Bibi... hajambo?"

"Marahaba. Hajambo. Kaa." Zipora akaketi naye kwenye benchi. "Nilimkuta nje, kwenye kigoda chake, uso ameuelekeza barabarani. Nikaja nikasimama mbele yake na kitenge changu cha njano. Akawa ananitazama, lakini hanioni. Nilipomwamkia ndipo akaijua sauti. Akanipapasa paji, pua, kidevu. Akasema, 'Umekonda.' Kisha akashika nguo yangu, akaniuliza, 'Ni ya rangi gani?' Nikamwambia."

Asnath alilia. Hakuficha uso. "Nisamehe, anti."

"Nilishakusamehe siku ile ulipokataa kuchota. Hakuna aliyekushika, ulijisema mwenyewe, na ulijua mama yako ataumia. Lakini sitakudanganya kwamba yameisha." Akaushika ule mkono wa kulia. "Ulichokililia kilikuwa cha haki. Mama yako alionewa na kura, na ungesema, tungesikia. Mdomo unao. Wewe ukaacha mdomo, ukatumia mkono gizani mwa bakuli. Ukiona hakuna haki, sema mbele ya watu. Usiitafute kwa kuchukua siku ya mwenzako. Siku ya mtu hairudishwi, Asnath. Mmenipa Pasaka, nashukuru. Lakini Pasaka ni Pasaka. Ile Krismasi haipo tena, si kwangu wala kwa mama."

Akafungua begi, akatoa chupa ya asali. "Amekupa hii. Nilimsimulia yote. Akasema, 'Mtoto anayesema kosa lake apewe kitu kitamu, asije akazoea kunyamaza.'"

Mwezi wa sita bakuli lilitolewa tena, kwa ajili ya Sabasaba. Evelina hakumwita mwanawe. Zipora ndiye aliyemwita. Safari hii vikaratasi vilikuwa viwili tu, cha Fabian na cha Ruthu, vimekatwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari na kupitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akahakikisha.

Asnath akaingiza mkono. Vidole vyake, bila kutumwa, vilitafuta kwanza kile kigumu. Hakikuwemo. Alichota kilichokuwa karibu, akakitoa juu, watu wote wanakiona.

"Soma, mwanangu," akasema Zipora. "Soma kwa sauti, wote tusikie."