Bolti Mbili za Chini

Jumatano moja ya mwaka wa themanini na moja, saa nne asubuhi, pikapu ya Pijo ilikufa katikati ya Mtaa wa Msimbazi, pale Kariakoo ambapo hata mkokoteni ukisimama nusu dakika watu hutukana. Aliyekuwa nyuma ya usukani alikuwa mwanamke, na hilo likazidisha kelele.

"Dada, shuka umpishe mwanamume!"

Sitara alishuka bila haraka. Alivaa gauni la kitenge cha kijani, na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Alikuwa dereva wa duka la ushirika wa akina mama wa Ilala, na alikwishazoea kutukanwa barabarani.

"Haya, mwanamume ni nani hapa?" akauliza. "Aje asukume."

Watu wakacheka. Akajitokeza mmoja tu, kijana mrefu mwenye ovaroli lililofifia magotini. Aliinama, akasikiliza sauti ya chuma kikisaga chini ya gari, akatikisa kichwa.

"Giaboksi hiyo imekwisha, ndugu dereva."

"Umejuaje na hujaigusa?"

"Inalia kama mtu anayetafuna mchanga. Naitwa Bakili. Niko gereji ya Mzee Shomari, mtaa wa Gerezani."

"Mimi Sitara. Na ukinidanganya, Bakili, nitakukimbiza na spana yako mwenyewe."

Wakaisukuma hadi Gerezani, yeye akishika usukani, Bakili na wachukuzi wawili wakiwa nyuma.

Vipuri miaka ile vilikuwa haba. Mtu aliweza kuzunguka maduka yote ya Kariakoo akitafuta bolti moja na kurudi mikono mitupu. Lakini Bakili aliijua Pijo moja iliyogongwa, iliyokuwa ikila kutu Ilala, na Alhamisi aliipata giaboksi yake. Siku hiyo Sitara alikuja gerejini mara mbili. Mara ya kwanza alikuja kuuliza gari. Mara ya pili hakuuliza gari.

"Umekula?" alisema, akiweka bakuli la wali wa nazi juu ya tairi.

"Nikila chakula chako leo, kesho nitakula cha nani?"

"Kesho fanya kazi kwanza."

Wakakaa juu ya boksi la mbao. Sitara akamweleza kwamba Jumamosi alfajiri akina mama kumi na wawili wangepanda nyuma ya pikapu kwenda Ruvu kuvuna mpunga wa shamba la ushirika. Jumapili mchana magari hayakuruhusiwa barabarani, kwa kuokoa mafuta, kwa hiyo ilikuwa Jumamosi au mpunga uliwe na ndege. Kisha akasema jambo jingine, macho yake yakiwa kwenye bakuli.

"Nilikuwa na mchumba. Alinificha mke miaka miwili. Tangu hapo naweza kusamehe mengi, Bakili, lakini si kufichwa."

"Mimi sina cha kukuficha," Bakili akajibu, na wakati huo ilikuwa kweli.

Ijumaa aliinua giaboksi kwa jeki na kamba, akaipandisha mpaka ikakaa kwenye injini. Bolti sita ndizo zilizopaswa kuishika. Nne zilikaza vizuri. Ya tano, chini upande wa kulia, ilizunguka, ikazunguka tena, haikukaza. Akaichomoa. Unga wa chuma wa kijivu ukabaki kwenye ncha ya kidole chake: nyuzi za ndani ya tundu zilikuwa zimelika. Akajaribu ya sita. Nayo vilevile.

Dawa aliijua. Tundu hukatwa nyuzi mpya, kubwa kidogo, kisha huwekwa bolti nene zaidi. Lakini chuma cha kukatia nyuzi alikuwa nacho Hamud peke yake, mtaa wa pili, na Hamud alikuwa amekwenda Bagamoyo mazikoni. Angerudi Jumatatu.

Saa kumi jioni akaona gauni jeupe la Sitara likipita kati ya mabodi ya magari. Alinukia asmini.

"Imekwisha?"

Bakili alikuwa chini ya gari. Alimfikiria akiondoka na uso ulionuna, akamfikiria akitafuta fundi mwingine. Akachukua karatasi ya bati ya pakiti ya sigara, akaiviringisha kwenye zile bolti mbili, akazisukumiza ndani na kuzipaka grisi nyingi.

"Imekwisha," akasema.

"Nikuamini?"

"Niamini."

Sitara akacheka, akawasha gari, akampungia mkono hadi kona. Bakili alibaki amesimama, kidole chake bado kina unga wa kijivu.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, alikwenda Ilala mbio. Gari lilikuwa limeondoka. Akarudi Kariakoo na kugonga dukani kwa Hashil, muuza vitambaa aliyekuwa na simu.

"Bwana Hashil, nisaidie. Nipigie Mlandizi, kituo cha mafuta."

Walingoja opereta kwa dakika ishirini. Hatimaye sauti ya mbali ikaitika.

"Pikapu ya buluu," Bakili alipaza sauti. "Inaendeshwa na mwanamke, ina akina mama nyuma. Isimamishe! Giaboksi haijashika!"

"Ya buluu? Imepita, ndugu. Hata robo saa haijafika."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia yule dada. Akanijibu fundi wake ni mwaminifu."

Bakili akaweka simu chini bila kuaga.

Alipata lifti ya lori la saruji. Aliwakuta mbele kidogo ya Mlandizi, wamekaa majanini. Bolti mbili za chini zilikuwa zimetoka zenyewe, nyingine zikalegea, giaboksi ikaning'inia upande mmoja na kupasuka. Gari lilikuwa limeruka kwa kishindo na kumtupa mtu chini. Huyo alikuwa Bi Amna, shangazi yake Sitara aliyemlea tangu utotoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa khanga, umepinda mahali pasipopinda mkono.

Sitara alisimama.

"Giaboksi ilikuwa mbovu?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua.

"Giaboksi ilikuwa nzima. Bolti mbili hazikushika. Nilijua jana, nikaziba kwa karatasi. Niliogopa ungeenda kwa mwingine."

Sitara hakulia wala kupiga kelele. Alimtazama kama mtu asiyemfahamu, akapanda na shangazi yake gari lililokuwa likienda hospitali.

Wiki mbili hakuonekana Gerezani. Bakili aliivuta Pijo hadi gerejini, akatafuta giaboksi nyingine, akamngoja Hamud, akakata nyuzi mpya tundu kwa tundu. Siku ambayo aliwaahidi ushirika kwa barua kwamba gari litakuwa tayari, aliomba tena simu ya Hashil na kupiga dukani Ilala.

"Sitara, ni mimi. Gari haiko tayari. Tundu moja lina ufa, halitashika. Inahitaji wiki nzima."

Waya ukakoroma.

"Akina mama watakasirika," Sitara akasema.

"Najua."

"Na mimi nimekasirika. Bado."

"Najua, Sitara."

"Jumamosi iliyopita nilikuja mpaka kona ya mtaa wenu, nikarudi." Akashusha pumzi. "Nikilala naisikia ile giaboksi ikigonga chini ya miguu yangu. Na bado nakukumbuka. Hiyo ndiyo inayoniudhi."

"Nataka kukuoa."

"Kwa simu ya watu, Bakili?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi siwezi kukujibu. Nenda kwa shangazi."

Alikwenda jioni ile ile, amevaa shati jeupe la mikono mirefu. Bi Amna alimfungulia mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, na daktari alikwishasema hautanyooka tena. Nyuma yake, mlangoni mwa chumba, alisimama Sitara.

"Shikamoo, Bi Amna."

Mama yule alimwacha asimame kwa muda mrefu.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Kaa hapo. Unieleze habari za gari, zote, tangu ile Ijumaa. Ukimaliza, kama bado nakutaka nyumbani kwangu, tutaongea ya huyu mtoto wangu Sitara."

Bakili akakaa. Sitara akavuta kigoda, akakaa karibu na shangazi yake, akamkazia macho. Bakili akaanza kusema.