Mmea Dume wa Bwana Stickel

Chungu kilikuwepo, mmea haukuwepo. Shina lilikuwa limekatwa kwa kisu kikali juu kidogo ya udongo. Mfuko wa karatasi uliokuwa umefunika maua ulikuwa sakafuni, umekanyagwa.

Inspekta Mechthild Gaiser alichuchumaa kando ya chungu katika stoo ile ya chini ya nyumba. Nyuma yake Sajenti Tuncay alikuwa anajitahidi asicheke, na hakufanikiwa.

"Afande, tuandike mauaji?"

"Andika kuvunja na kuiba. Halafu funga mdomo."

Tangu sheria ya Ujerumani ibadilike, kila mtu mzima anaruhusiwa miche mitatu ya bangi nyumbani kwake, na Eugen Stickel, dereva wa treni mstaafu, hakuwahi kuzidisha hata mmoja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama yuko msibani.

"Jike liko juu, chumbani kwa mke wangu," alisema. "Limezeeka, mizizi inaoza, na vipandikizi vyake havishiki. Hili dume ni mwanawe, lililoota kutoka mbegu yake ya mwisho. Wiki hii nilitaka kukusanya chavua yake, nipake tawi moja tu la mama, nipate mbegu kabla halijafa."

"Si ununue mbegu nyingine?"

"Nimenunua za kila aina, Inspekta. Mke wangu Lore anaumwa mishipa ya fahamu. Misuli inamkaza mpaka analia. Ni maua ya mmea huu tu yanayompa usingizi."

Gaiser aliacha kuandika. Mama yake mwenyewe alikufa bila kujua usingizi, na jambo hilo lilikuwa halijamtoka moyoni.

"Na kwa nini dume likae huku peke yake?"

"Kwa sababu ya chavua. Ni vumbi jepesi kuliko unga. Likilifikia jike lote, maua yanajaa mbegu na dawa inapungua nguvu. Mimi nikitoka humu navua nguo zote, naoga, ndiyo napanda juu. Chavua ikilowa imekufa."

"Mwaka jana pia ulifanya hivyo?"

Stickel aliona aibu. "Mwaka jana dume jingine nililiweka dirishani. Sikujua lolote."

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa Jannik, kijana wa chumba cha darini, ambaye moshi wake unajulikana mtaa mzima. Alifungua mlango akiwa na taulo kiunoni.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kazini, baa. Waulize. Halafu afande, dume? Dume halivutwi! Ni kama kuiba jogoo ukitaka mayai."

Baa ilithibitisha. Lakini maneno ya yule kijana yalibaki kichwani mwa Gaiser. Mvutaji asingelitaka dume. Aliyelikata alikuwa analiogopa.

Alipokuwa anashuka alishika ukuta ghafla, maana ngazi zilikuwa bado na unyevunyevu. Akatazama mlango wa Stickel. Kibao cha zamu ya usafi kilikuwa kinaning'inia pale pale kwenye kitasa, ishara kwamba wiki hii kuosha ngazi ni zamu ya kina Stickel.

"Bwana Stickel, umepiga deki leo?"

"Leo Jumanne! Mimi hupiga deki Jumamosi."

"Mkeo?"

"Hawezi kusimama."

Huku kwetu Swabia mtu atakusaidia kuzika, atakupa hata figo, lakini hatakupigia deki ngazi katika wiki yako. Jannik hata katika wiki yake mwenyewe hupiga deki baada ya kufokewa. Akabaki Traugott Fauser wa ghorofa ya pili, mzee wa kanisa, aliyekusanya saini mara mbili dhidi ya "harufu ya kina Stickel". Alifungua mlango kiasi cha pua tu. Alikuwa amevaa sweta la kijivu lililochakaa viwiko.

"Ndugu Fauser, ngazi umezipiga deki wewe?"

"Zilikuwa chafu."

"Wiki si yako."

"Uchafu hausubiri zamu."

"Unajua chavua ikilowa inakufa?"

"Mambo ya bangi mimi siyajui, na sitaki kuyajua!"

Mlango ukafungwa. Mwendesha mashtaka naye alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Kibali cha upekuzi kwa sababu mtu kapiga deki? Tuncay alishauri jalada lifungwe.

"Halifungwi," Gaiser alisema. "Kama naye anapanda, mmea wake utasema. Tusubiri maua yakomae."

Walisubiri. Jike la Stickel lilinyauka, kisha likafa. Akiba ya maua ilipokwisha, Lore akaanza tena kulia usiku, na Gaiser alipopita kuwajulia hali alimkuta Eugen amekaa jikoni, dengu zimepoa mbele yake. Alitoka pale amekasirika kabisa, akapanda ghorofa ya pili.

"Ndugu Fauser, mmea wako umepata mbegu ngapi?"

Uso wa mzee ulisawijika. "Haiwezekani! Niliosha kila kitu! Niliosha ngazi, mikono, viatu, mpaka..."

Tuncay, aliyekuja na kicheko chake tayari, hakucheka.

"Sweta je?" Gaiser aliuliza taratibu.

Fauser alijishika kifuani. "Hili silifui. Alilifuma marehemu mke wangu, Hedwig. Nikilifua, harufu yake itaondoka."

Aliwaacha waingie. Katika chumba cha kushonea, kando ya cherehani ya marehemu, ulisimama mmea mmoja wenye maua mazito. Gaiser alibonyeza ua kwa vidole. Mbegu zilimwagika kiganjani mwake, zilizokomaa vizuri, zenye michirizi.

"Tangu azikwe silali," Fauser alisema, akaketi. "Mwaka jana chavua ya Eugen ilipanda kwa dirisha ikaniharibia mmea wote. Ningemlalamikia vipi? Mimi niliyekusanya saini? Mimi ninayesimama mbele kanisani? Mwaka huu nilipoona dume jingine, nikashuka na kisu."

"Ulilipeleka wapi?"

"Kwenye pipa la taka za kuoza."

Hata alichoiba alikitupa kwenye pipa linalohusika.

"Ulijua Lore analitegemea?"

"Sikujua. Haki ya Mungu, Inspekta, sikujua. Nilidhani ni starehe yao tu."

"Basi sikiliza. Dume lile lilikuwa mtoto wa mmea wake. Ukoo wote umekufa, umebaki ndani ya mbegu hizi. Mashtaka yako palepale, utafika mahakamani. Lakini leo kuna mlango wa kugonga."

Mbegu chache ziliingia kwenye mfuko wa ushahidi. Zilizobaki Fauser alizitia kwenye kopo la vifungo la Hedwig. Alishuka ngazi polepole, akagonga, akaeleza kila kitu mlangoni bila kujitetea. Eugen alikunja ngumi.

"Mshenzi wewe! Na saini zako!"

"Eugen, mwache aingie," sauti ya Lore ilitoka kitandani.

Fauser aliingia, kopo mkononi. Lore alimtazama macho yake mekundu, yaliyovimba kwa kukesha.

"Kumbe na wewe hulali, Traugott?"

Mzee alikubali kwa kichwa, kisha akalia.

"Miaka yote hii," Lore alisema, "mimi macho hapa chini, wewe macho hapo juu. Ungegonga tu sakafu."