Jina Lililofutwa Kwenye Kompyuta ya Pili

Kila asubuhi Mutheu alibeba mtungi hadi bombani, akajaza maji, akarudi nao mgongoni kabla jua halijawaka. Mwezi huo wa Januari 2008 foleni ya bombani ilikuwa fupi. Zamani ungengoja mpaka miguu ife ganzi, huku wanawake wakisukumana na kutaniana. Sasa milango mingi ya mtaa wa Kianda, Kibera, ilifungwa kwa kufuli, na mingine haikuwa na mlango tena. Mutheu alijaza mtungi upesi, wala hakufurahi.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Shule yao haikuwa imefunguliwa kwa sababu ya vurugu zilizofuata uchaguzi. Aliishi na nyanya yake, Kaveke, aliyemwita Susu kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao. Susu alikuwa mtunzaji wa kituo kidogo cha watoto hapo Kianda. Alifagia, akapika uji, na tangu mwalimu Wangoi aondoke ghafla, yeye ndiye aliyebaki na funguo.

Kituo kilikuwa na chumba cha kompyuta. Mezani palikuwa na kompyuta nne za Windows, na kwenye kona, ndani ya kabati la chuma, palikuwa na sava moja ya Linux. Sava ni kompyuta inayozitunzia zile nyingine mizigo. Hii haikuwa na kioo wala kibodi, ila taa ndogo ya kijani tu. Kazi zote za watoto zilikaa humo, na kompyuta za mezani zilizifuata humo kupitia waya.

Kompyuta ya pili ilikuwa ya Mutheu na rafiki yake, Wagaki. Waliitumia pamoja kwa jina la Wagaki, kwa kuwa yeye ndiye aliyewahi kuandika siku ya kwanza. Ukiiwasha, jina lake lilitokea kiooni kando ya picha ya bata wa manjano. Neno la siri walilitunga wawili, wakacheka mpaka mwalimu akawatoa nje.

Siku moja mwishoni mwa Desemba, Mutheu alienda kumwita Wagaki wakateke maji. Akakuta chumba kitupu, na majivu ya jiko yakiwa bado na joto. Walikuwa wameishi mlango kwa mlango tangu wakiwa wadogo, kwa hiyo hakuwahi kuhitaji namba ya simu ya mama yake. Nani humpigia simu mtu anayeweza kumgongea ukuta?

Alhamisi moja Susu aliweka ufagio chini, akasema, "Mutheu, ile orodha ya namba za wazazi, si mliiandika nyinyi na Wagaki? Mwalimu alisema iko kwenye hiyo mashine. Itoe. Nataka kuwapigia mmoja mmoja nijue watoto wangu wako wapi."

Moyo wa Mutheu uliruka. Ni kweli, waliiandika mwezi wa Novemba kama zoezi, watoto arobaini na watatu, na Wagaki alikuwa miongoni mwao. Susu alitaka namba zote. Mutheu alitaka moja tu.

Aliwasha kompyuta ya pili, akabofya mahali pa kwenda kwenye sava. Badala ya folda kufunguka kama siku zote, kisanduku kilitokea kikidai jina na neno la siri. Akaandika. Kikakataa. Akaandika tena polepole, herufi kwa herufi, kikakataa vilevile. Akajaribu kompyuta ya kwanza, ya tatu na ya nne. Zote zilimpa jibu lile lile la Kiingereza, kwamba jina halijulikani au neno la siri si sahihi.

"Inakataa, Susu."

"Inakataa kwa nini?"

"Sijui," alisema Mutheu, akaangalia kibodi.

Susu alitoa simu yake kwenye kitambaa alichoifungia. Siku hizo kupata kadi ya simu kulikuwa kama kutafuta dawa, kwa hiyo, ili salio libaki la kuwapigia wazazi, alimbip tu fundi Phanuel, aliyeziunganisha mashine hizo: akapiga na kukata ili yeye apigiwe. Fundi aliishi Kawangware, na njia ya kuja Kibera ilikuwa ya hatari.

Wakangoja. Susu hakupenda kimya. "Kitendawili!"

"Tega," alijibu Mutheu bila nguvu. Zamani aliyejibu kwa kelele alikuwa Wagaki.

"Nimefika kwangu, nimebisha hodi, mlango ukaniuliza, wewe nani?"

Mutheu alitikisa kichwa.

"Nipe mji basi!"

"Nakupa Machakos."

"Nimekwenda Machakos, nimekaribishwa muthokoi, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni hiyo mashine yako isiyowajua wenyewe!" Susu alicheka peke yake. Mutheu alijaribu kutabasamu.

Simu ikalia. Susu akamkabidhi.

"Sasa, Mutheu!" Sauti ya fundi ilikuwa changamfu.

"Poa, fundi."

"Sikiliza. Mimi huku ni kipofu. Wewe ndiwe macho yangu, sawa? Nitakuuliza, nawe uniambie unachokiona, si unachodhani. Taa ya sava inawaka?"

"Inawaka. Kijani."

"Pale waya unapoingia, kuna taa ndogo inayopepesa?"

Mutheu alipiga magoti mbele ya kabati. "Inapepesa."

"Basi waya uko hai. Rudi kwenye kompyuta." Akamwelekeza kufungua dirisha jeusi, naye Mutheu akaandika neno ping, lile la kuibishia sava hodi, na namba yake. Mistari minne ilitokea.

"Inajibu, fundi! Mara nne."

"Vizuri sana. Kwa hivyo njia iko wazi na mwenye nyumba yuko ndani. Anakusikia ila hataki kukufungulia. Tarehe na saa ziko sawa?"

"Ziko sawa."

"Haya. Swali la kila fundi. Tangu siku ilipofanya kazi mara ya mwisho, kuna kitu kimebadilishwa?"

Mutheu alimwangalia Susu, aliyekuwa akikuna sufuria ya uji mlangoni.

"La. Sijagusa kitu."

"Na umewasha kompyuta kwa jina gani?"

"Lile letu la kawaida."

Hayo hayakuwa kweli, na yeye alijua.

Siku kumi kabla ya hapo, vijana wanne walikuwa wameingia kituoni wakidai maji ya kunywa. Kompyuta zilikuwa zinawaka. Mmoja aliinama mbele ya kioo, akasoma kwa sauti, "Wangoi. Wagaki. Ala! Kumbe hawa mnawaficha hapa?" Wakati huo jina la mtu lilikuwa limegeuka kosa. Kwa jina tu watu walijua wazazi wako walitoka wapi, na kwa hilo wakakuhukumu. Susu aliwatoa kwa ufagio. "Kunyweni maji mwende! Hapa ni pa watoto, na watoto wote ni wangu!" Wakatoka wakicheka. Mutheu hakucheka. Susu aliporudi jikoni, Mutheu aliingia mahali pa majina, ambapo mwalimu aliwakataza kabisa kugusa, akayafuta yote kwenye kompyuta zote nne. Badala yake akaandika jina moja tu, Kituo. Bata wa manjano alipotoweka, alihisi kana kwamba amemfukuza Wagaki kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana hakumwambia mtu.

Fundi alivuta pumzi ndefu kwenye simu. "Kama hakuna kilichoguswa, na jina ni lile lile, basi shida iko kwa sava yenyewe. Daftari lake la majina limeharibika. Hiyo haitengenezwi kwa simu. Nipe shosho."

Mutheu akamrudishia Susu simu, lakini sauti ya fundi ilisikika mpaka nje. "Shosho, kesho nitakuja. Kwa miguu. Nitavuka Ngong Road asubuhi mapema, kabla vijana hawajafika kwenye vizuizi."

"Phanuel, usithubutu. Juzi kuna mtu alirudishwa hapo akivuja damu."

"Watoto arobaini na watatu, shosho. Wazazi wao pia wanatafutana. Nitakuja tu."

"Na wakikuuliza jina?"

"Nitawaambia jina langu. Nina lingine?"

Mutheu alisimama. Akilini alimwona fundi Phanuel akija barabarani na kisanduku chake cha bisibisi, mtu mpole asiyejua kukimbia, anakuja kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Machozi yakamtoka.

"Susu, mwambie asije! Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi nilifuta majina. Siku ile ya wale vijana. Sava haina kosa."

Susu alimsogelea. Alimnyooshea simu. Mutheu aliishika kwa mikono miwili, akaeleza yote tangu mwanzo. Kila alipofika mahali pagumu alisimama, na fundi akamngojea.

"Sasa naona," fundi alisema hatimaye. "Dakika ishirini umeniacha nipapase gizani, Mutheu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungenificha mpaka kesho, pengine kingeniumbua mimi."

"Nisamehe, fundi."

"Nimekusamehe. Futa machozi, tufanye kazi. Unajua ni kwa nini zamani haikuwauliza neno la siri?"

"Hapana."

"Mlipoiwasha kompyuta kwa jina la Wagaki, Windows ililibeba jina hilo na neno lake la siri kimyakimya hadi kwa sava. Sava ikafungua daftari lake. Ikamkuta Wagaki, neno likalingana, ikafungua mlango. Sasa anakuja mtu anaitwa Kituo. Sava inauliza, Kituo ni nani? Kwetu hayumo. Ulifuta jina kwenye kompyuta ya mezani, lakini kwa sava halijafutwa. Umenielewa? Wagaki bado yumo humo."

Mutheu alilitazama kabati la chuma. Bado yumo humo.

"Nilipoandika kwenye kile kisanduku, mbona ilikataa?"

"Uliandika nini?"

"Kituo. Niliogopa kuandika jina lake."

"Basi usiogope. Rudi pale mahali pa majina. Tengeneza jina jipya, Wagaki, vilevile kama lilivyokuwa. Neno la siri unalikumbuka?"

"Nalikumbuka. Ni man..."

"We! Usiniambie!" fundi alipaza sauti. "Neno la siri ni lenu. Hata mimi fundi sitakiwi kulijua. Liandike, halafu toka, uingie upya kwa jina hilo."

Mutheu aliandika herufi moja moja. W. A. G. A. K. I. Akaandika neno la siri mara mbili, akatoka, akaingia upya. Picha iliyotokea ilikuwa ya mpira, akaibadilisha akamtafuta bata. Kisha akabofya mahali pa sava.

Folda ikafunguka bila kuuliza kitu.

"Imefunguka, fundi! Susu, imefunguka!"

"Si nilijua!" fundi alicheka. "Sasa kioo hicho kizimeni mkimaliza kazi, na mlango mfunge kwa kufuli. Hivyo ndivyo mtu anavyomlinda mwenzake. Hamfuti."

Orodha ilikuwa mahali pake. Mutheu alishuka kwa kipanya hadi jina la thelathini na nane. Susu aliangalia salio la simu, akampa. "Anza na huyo. Usiongee sana, wengine pia wana mama zao."

Simu iliita muda mrefu. Sauti ya mwanamke ikajibu chini kwa chini. "Nani?"

"Ni Mutheu, Mama Wagaki. Wa Susu Kaveke. Wa Kianda."

Mutheu alidhani simu imekatika. Kisha akasikia nyayo, na pumzi aliyoijua.

"Mutheu?"

"Wagaki! Uko wapi?"

"Kawangware, kwa shangazi. Tunalala watu tisa chumba kimoja. Lakini huku sina mtu wa kuongea naye."

"Hata mimi sina. Mtarudi lini?"

"Mama anasema haturudi."

Mutheu alimeza mate. "Wagaki, nilifuta jina lako kwenye kompyuta. Niliogopa vijana wakiliona. Halafu nikadanganya."

"Ulinifuta?"

"Ndiyo. Nimekurudisha leo. Na bata."

Kisha Wagaki akasema, kwa sauti ya mtu anayelia na kucheka, "Usimfute tena huyo bata, sawa? Hata kama sitarudi."

"Simfuti."

Susu alimwonyesha kwa kidole kwamba salio linaisha. Wakaagana. Mutheu aliketi, simu mapajani. Chumba kilikuwa na viti vinane na mtu mmoja tu aliyekalia kimoja. Upweke haukwisha siku hiyo, lakini sasa ulikuwa na mahali pa kuelekea.

Susu alivuta kiti cha Wagaki, akakaa kando yake.

"Mjukuu wangu, kuogopa si kosa. Hata mimi siku ile nilitetemeka na ufagio wangu. Na kumlinda rafiki ni jambo jema. Kosa lako lilianza ulipoulizwa ukasema hujagusa. Mtu asiyeona akikuuliza njia, neno lako ndilo fimbo yake. Ukimpa fimbo iliyovunjika, ataanguka yeye, si wewe. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Kosa lililosemwa hupata fundi."

"Nimeelewa, Susu."

"Haya. Nani anafuata?"

Mutheu alipangusa uso kwa kiganja, akaisogelea orodha. Akaanza kusoma namba ya mtoto wa kwanza, taratibu, tarakimu kwa tarakimu, naye Susu akabonyeza.