Ombi la Abdiel

Abdiel alikuwa akijaribu spika mpya mbele ya karakana yake Ngarenaro, barabara imejaa watu, alipopita msichana aliyevaa gauni la kitenge cha kijani, akaziba masikio.

"Kaka, hiyo ni injili au vita?"

"Injili, dada. Shetani asikie akiwa mbali."

"Na mimi niliye karibu?"

Abdiel alicheka mpaka akasahau kupunguza sauti. Msichana aliitwa Violet, fundi cherehani, na hakuondoka bila kuombwa namba. Mvua za masika zilipoanza, mtaa mzima uliwajua kama wachumba.

"Umekula, mpenzi?" Abdiel huuliza kwenye simu.

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Basi utalala njaa, nakata!"

Kisha baba yake Violet akafariki, wakamzika shambani Nduruma. Aliporudi mjini, Violet hakuwa yule wa utani. Kila mchana alizima simu. Jumuiya, ile ibada ya jioni nyumbani kwa majirani, akaacha kuhudhuria.

"Mchana unakuwa wapi?" Abdiel aliuliza.

"Napumzika."

"Na nani?"

Violet alirudi kwenye cherehani yake.

Mwanamume mwenye akili angesubiri. Abdiel alikwenda jumuiyani, na walipoulizwa mahitaji ya maombi, akasimama kifua mbele.

"Bwana asifiwe. Tumwombee mchumba wangu Violet. Amepoa kiroho. Anazima simu, anajificha, na sijui anajificha na nani."

Wanawake walitazamana. Mama yake Violet, aliyekuwa pembeni, alijivuta kitenge mabegani na kuinamisha uso. Wakaomba kwa sauti binti afunguliwe kutoka kwenye roho ya uzinzi, na Abdiel ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Kulipokucha, habari zilikuwa zimeshafika kwa mafundi wote wa nguo.

Violet alipiga simu. "Abdiel, umeniombea?"

"Nakupenda, ndiyo maana."

"Njoo mchana. Nikuonyeshe huyo mwanamume."

Abdiel alikuja na shati lililopigwa pasi, wivu umemjaa. Violet alimpeleka kanisani kwao, mlango wazi, ndani hakuna mtu, akaketi benchi la nyuma. Abdiel, Mungu amsamehe, alichungulia nyuma ya nguzo.

"Yuko wapi?"

"Kaa chini, Abdiel."

Akakaa.

"Tangu baba afe, kila mtu ananiombea kwa kelele," Violet alisema polepole. "Hapa nanyamaza, na Mungu ananyamaza nami. Natoka nikiwa na amani. Ni hilo tu."

Aibu ilimpanda Abdiel mpaka masikio yakawaka. "Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja na spika."

Alijaribu kuomba, lakini kila neno lilikuwa la kujitetea. Akaliacha moja, akaacha na jingine, mwisho akabaki hana la kusema. Hapo ndipo machozi yakamtoka.

"Nisamehe, Violet. Bado utakubali nikuoe?"

"Kukusamehe nimekusamehe. Kuolewa sijui. Mama anapita vichochoroni asikutane na watu."

"Nitawaambia wote ulikuwa hapa!"

"Usithubutu. Wakijua, kesho watajaa hapa kuniombea. Nitabaki na nini?"

Kwenye ibada iliyofuata ya jumuiya, Abdiel alisimama tena, safari hii akishikilia kiti.

"Niliwaletea wivu wangu nikauita ombi. Violet hana kosa. Mama, naomba unisamehe mbele ya hawa hawa niliokuaibisha mbele yao."

"Sasa," mzee Ndesanjo, mmoja wa majirani, aliuliza, "mchana alikuwa anakwenda wapi?"

Shingo zikarefuka. Jibu lilikuwa mdomoni, la kumsafisha Violet na yeye mwenyewe papo hapo. Abdiel alilimeza.

"Hilo si langu kulisema, mzee."

Mtu akaguna. Mwingine akanong'ona kwamba kijana amelishwa limbwata, na Abdiel akasikia. Aliketi, uso unamwaka.

Nje, upepo wa Meru ukivuma baridi, Violet alikuwa amesimama karibu na dirisha, amejifunika khanga.

"Ulisikia?" Abdiel aliuliza.

"Yote. Umeumia?"

"Nimeaibika."

Watu walianza kutoka, mama yake akiwa mbele. Violet alimshika Abdiel mkono, wote wakiona.

"Kamwambie mchungaji atutangazie ndoa."