Nyumba Ndani ya Mahindi

Mvua za Septemba 2011 zilinyesha vizuri katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na kanisani watu walishukuru. Tuyisenge naye alishukuru. Kila alfajiri alikamua ng'ombe, akawapa watoto maziwa, akaweka jembe begani na kwenda shambani. Shamba lilikuwa mbali na nyumbani, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Alikuwa amelima mahindi na maharage humo kwa miaka kadhaa, na kila msimu magunia yalipungua. Aliliona hilo, lakini mkulima hakosi kisingizio: mara jua, mara panya, mara mbegu.

Msimu ule visingizio vilimwishia.

Mahindi yalipofika magotini yaligeuka rangi. Majani ya chini yakawa ya zambarau, kama ngozi ya mtu aliyepigwa fimbo. Yakasimama palepale, hayakui wala hayafi. Na laiti yote yangekuwa hivyo! Mtu angesema ni bahati mbaya, akanyamaza. Lakini katikati ya shamba palikuwa na mahindi mengine, ya mbegu ileile, yaliyopandwa siku ileile, na hayo yalimfika Tuyisenge kifuani. Yalikuwa ya kijani kizito, karibu na weusi. Upepo ulipovuma, hayo ndiyo yaliyonong'ona. Mengine yote yalikaa kimya.

Asubuhi moja Tuyisenge alipanda juu ya mteremko kutafuta kuni. Ukungu wa ziwa ulikuwa unaondoka. Akageuka kutazama shamba lake, na moyo ukamlipuka.

Mahindi mazuri yalikuwa na umbo. Yalizunguka pembe nne, yamenyooka kama ukuta. Upande wa ziwani kulikuwa na nafasi nyembamba, mahali pa mlango. Mbele ya mlango kulikuwa na duara kubwa, kama zizi. Ilikuwa nyumba, hakuna jina lingine. Na ndani ya zile pembe nne mahindi madogo ya zambarau yalikuwa yamesimama mafungu mafungu, kama watu waliokaa wakimngoja mgeni.

Tuyisenge alishuka mbio bila kuni.

Hata hivyo palizi haingoji mwoga. Kesho yake alirudi, akaanza kupalilia katika lile duara. Udongo wake ulikuwa mweusi na laini. Jembe likagonga kitu kigumu. Akakifukua kwa mikono, akaona meno. Lilikuwa taya la ng'ombe, la zamani sana. Akalifunga kwenye kitenge akalipeleka nyumbani kwa mama mkwe wake, Nyirabahire.

"Ulitosha wapi hii?" Nyirabahire aliuliza, akitaka kujua lilikotolewa.

"Mu shamba, mama. Mu ile fasi ya mahindi mazuri."

Akamweleza yote, nyumba, mlango na zizi. Bibi alisikiliza huku ameshika shavu. Wakati huohuo ng'ombe wao mmoja aliyefungwa karibu alinyoosha shingo, akalikamata lile taya, akaanza kulitafuna. Kru, kru, kru. Mate yalimtiririka. Ng'ombe, mla nyasi, alikuwa anakula mfupa!

Nyirabahire alisimama ghafla. Alizaliwa katika milima ya Kivu Kusini, akachunga ng'ombe tangu utotoni, lakini alivyosema mwenyewe, hakuwahi kumwona ng'ombe akila mfupa kwa raha namna ile.

"Ile nyumba iko na benyewe, bafu," alisema, maana kwa Kiswahili cha kwao wafu ni bafu, na wao ni bo. "Banavuta nguvu ya shamba yote, banakula bo peke yabo. Sasa banaita na ng'ombe zetu."

Musoni, mume wa Tuyisenge, alikuwa amerudi kutoka kisimani. Yeye alikuwa mtu wa kucheka, lakini siku hiyo hakucheka. "Musimu ulioisha tulitia mbolea ya Mbarara," alisema. "Ile nyeupe, ya yurea. Haikusaidia hata kidogo. Labda Mama anasema kweli."

"Siku ya Posho mutaenda kukata ile mahindi mazuri yote," Nyirabahire aliamua, yaani Jumamosi. "Mutoto asikule hata moja. Kisha tuache ile shamba."

Tuyisenge aliinamisha kichwa. Mahindi mazuri ndiyo pekee yaliyokuwa na dalili ya kuzaa. Yakikatwa, watoto watabaki na posho ya msaada tu, na posho yenyewe ilikuwa haifiki mwisho wa mwezi. Aliwaogopa wafu, ndiyo. Lakini aliiogopa njaa zaidi, kwa sababu njaa aliwahi kuiona uso kwa uso.

Alhamisi hiyo alikwenda mji mdogo wa Kabingo. Huko alimtafuta Bi Kamusiime, bwana shamba wa kike aliyesomea kilimo mjini Mbarara na aliyekuwa akifundisha vikundi vya wakulima. Kwa kweli Tuyisenge aliona haya kumwambia habari za nyumba ya majani. Akamwambia tu, "Madamu, uje uone." Kesho yake Kamusiime alikuja kwa pikipiki, na familia nzima ikafuatana naye shambani.

Hakupanda juu ya mteremko, wala hakuna aliyemweleza umbo. Aliingia tu ndani ya mahindi, polepole, akiyagusa majani.

"Hapa ilikuwa zizi," alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Akaenda mbele. "Hapa watu napita kila siku. Hapa mlango, na hapa ukuta, watu napaka mavi ya ng'ombe." Akazunguka. "Hapa nyuma, mama wa nyumba namwaga majivu na maganda."

Nyirabahire alimshika Tuyisenge mkono, akambana. "Ulikuwa unabajua?" alimuuliza Kamusiime kwa sauti ndogo.

"Hapana, mama. Mahindi ndiyo nasema."

Kamusiime akachimba kidogo, akawaonyesha majivu yaliyogeuka mstari mweupe ndani ya udongo. Kisha akawaambia kwamba watu wa Kabingo wanawakumbuka wenye nyumba hiyo. Walikuwa wakimbizi wa zamani kutoka Rwanda. Mwaka wa 1994 walirudi kwao na ng'ombe wao.

"Hapana kaburi hapa," alisema. "Iko chakula. Jina yake fosforasi. Iko ndani ya mavi ya ng'ombe, ndani ya majivu, ndani ya mifupa. Maji haiichukui haraka. Mahali uliweka, hapo nakaa, miaka mingi."

"Na hii rangi mbaya?" Tuyisenge aliuliza.

"Hiyo ni njaa, nyabo," alimjibu, yaani bibie. "Hindi likikosa fosforasi, mizizi nakuwa midogo, majani nakuwa zambarau. Sasa mimi nauliza. Mahindi ya hii shamba naenda wapi?"

"Tunauzisha Kabingo. Ingine tunakula."

"Na maharage?"

"Vilevile. Tunang'oa, tunapiga nyumbani."

"Basi. Kila gunia nabeba fosforasi, naenda nayo. Nyinyi natoa, natoa, natoa. Nani narudisha?"

Musoni alikuna kichwa. "Mbona tulitia yurea?"

"Yurea ni chakula ingine, naitrojeni. Mtu nasikia kiu, wewe napa yeye mkate. Nasaidia?"

"Na ng'ombe anayekula mufupa?" Nyirabahire aliuliza. Hilo ndilo lililomkaa rohoni.

"Yeye pia iko na njaa ileile, mama. Nyasi yake natoka kwa udongo maskini. Mnunulie chumvi ya madini ya kulamba, na mfupa usimpe. Mfupa wa zamani naweza kumletea ugonjwa, akufe."

Maneno yalikuwa mazuri, lakini hofu haitoki kwa maneno. Nyirabahire alitikisa kichwa: Jumamosi ni kesho, na mahindi yatakatwa. Hapo Kamusiime akawafundisha jaribio dogo ambalo mkulima yeyote anaweza kulifanya. Wachukue mikebe mitatu ya mafuta ya msaada, waitoboe chini. Wa kwanza wautie udongo wa zizi la zamani. Wa pili wautie udongo wa mahali pa zambarau. Wa tatu wautie udongo uleule wa zambarau, uliochanganywa na mavi ya ng'ombe yaliyooza. Wapande mahindi, wamwagilie sawasawa, waiweke yote nyumbani.

Nyirabahire alifikiri. "Muzuri," alisema. "Bafu ba kule bako kule. Ku mulango yangu hapana mufu anafika, ninaomba kila siku. Kama ni bo, hapa mahindi yote yatakuwa muzima. Tutangoja mikebe. Lakini rundo yangu musiguse."

Hapa inafaa nieleze. Kwa familia hii ya wafugaji, rundo la mavi ya ng'ombe mbele ya zizi lilikuwa heshima. Lilimwambia mpita njia: hapa kuna ng'ombe. Nyirabahire aliamini kwamba kuligawa ni kugawa baraka. Basi rundo lilikua mwaka hadi mwaka nyumbani, na shamba likazidi kukonda kule mteremkoni. Usicheke, msomaji. Kila nyumba ina rundo lake ambalo haitaki liguswe.

Jumatano bibi alipokwenda kwenye maombi, Tuyisenge alichota mavi meusi, makavu, chini kabisa ya rundo, akachanganya na udongo wa mkebe wa tatu. Akafunika alipochota. Kisha akanawa mikono haraka, kama mwizi.

Mbegu ziliota zote. Siku za mwanzo zilifanana, maana mbegu huzaliwa na akiba yake. Nyirabahire aliweka kigoda mbele ya mikebe, akawa anailinda kama mtu anayelinda mgonjwa. Wiki zikapita. Asubuhi moja alipiga ukelele uliowaamsha majirani.

"Banatufuata! Bako hapa!"

Tuyisenge alitoka mbio. Mahindi ya mkebe wa pili yalikuwa yamegeuka zambarau, palepale mlangoni. Bibi alikuwa ameunyanyua mkebe ili autupe.

"Mama, ngoja! Angalia ule wa tatu."

Mahindi ya mkebe wa tatu yalikuwa ya kijani, manene, sawa na ya mkebe wa kwanza.

"Udongo ni moja, mama. Nilitosha fasi moja, na jembe moja. Kama ni bafu, juu ya nini bameacha hii ya tatu?"

Nyirabahire aliutua mkebe chini. "Uliweka nini ndani?"

Tuyisenge alipiga magoti. "Mavi ya ng'ombe zako. Nilichota mu rundo ukiwa ku kanisa. Unisamehe, mama."

Alingoja matusi. Hayakuja. Bibi alilishika jani la kijani kwa vidole viwili, akalipapasa kama sikio la ndama. Akageuka kulitazama rundo lake refu.

"Bale ba zamani," alisema mwishowe, "nabo balikuwa na rundo yabo."

"Njo vile, mama. Balituachia."

"Basi musikate ile mahindi. Tukule."

Walikula. Mahindi ya ile nyumba ndiyo yaliyowavusha kiangazi, na hakuna mtoto aliyelala njaa.

Kamusiime alipeleka udongo Mbarara ukapimwa. Majibu yalikuwa yaleyale: zizi la zamani lilikuwa na fosforasi tele, kwingine karibu hakuna. Musoni, aliyekuwa amerudisha kicheko chake, akataka kununua mbolea nyingi aimwage shamba zima.

"Hapana, ssebo, bwana!" Kamusiime alimkemea. "Pahali imeshiba, wacha. Ukiongeza hapo, natupa pesa, na mvua nabeba udongo mpaka ziwa. Maji nakuwa kijani, samaki nakosa hewa. Pahali iko na njaa, hapo lisha. Ikipona, kila mwaka rudisha kiasi mahindi yalichukua. Kisha pima tena."

Kabla ya mvua za Machi walifanya kazi. Nyirabahire mwenyewe ndiye aliyejaza kikapu cha kwanza, na kusema kweli alilia kidogo. Walitia konzi moja ya samadi iliyooza katika kila shimo. Samadi haikutosha shamba lote, kwa hiyo Musoni alileta DAP kutoka Mbarara, mbolea yenye fosforasi. Mahali pasipo na samadi walitia DAP hiyo, kipimo cha kizibo kimoja cha soda, kisichofurika, katika kila shimo. Walifunika kwa udongo kidogo, ndipo wakaweka mbegu, ili mbolea isiiunguze. Zizi la zamani hawakulitia chochote. Upande wa ziwani walipanda mistari ya majani ya kulishia ng'ombe, izuie udongo kutelemka. Na maharage yalipokomaa waliyapiga hukohuko shambani, maganda na mashina yakabaki.

Kufikia Juni mahindi yalikuwa yamebeba. Mwaka huo magunia yalizidi ya msimu wowote ambao Tuyisenge aliukumbuka. Lakini kabla ya kuvuna, Nyirabahire aliomba kupandishwa juu ya mteremko. Alitaka kuiona ile nyumba kwa macho yake, maana alikuwa bado hajaiona kutoka huko.

Walipanda polepole. Juu, bibi aliweka kiganja juu ya macho. Chini yao shamba lote lilikuwa la kijani, kutoka pembe hadi pembe. Hapakuwa na ukuta, wala mlango, wala zizi.

"Iko wapi?" aliuliza.

Tuyisenge alitafuta kwa macho. Hata yeye, aliyeijua kila kona, hakuiona. "Haionekane tena, mama."

Nyirabahire alitazama sana. Upepo ulipita, na safari hii shamba zima likanong'ona.

"Banaenda kwabo," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo Tuyisenge hakuwahi kuisikia kutoka kwake: "Hata bo banapata njia ya kurudi."

Tuyisenge alijua vizuri kwamba wale watu walirudi kwao zamani, wakiwa hai, na kwamba mahindi yalikuwa yameshiba tu. Alijua yote hayo, na bado machozi yalimtoka. Akamshika mama mkwe wake mkono, wakashuka kuvunja mahindi ya kuchoma.