Wabwile Hajaachishwa Kazi

Benchi la wateja lilianza kunuka maranda ya mbao mbichi, na katika ofisi nzima ya wakili Pereira pale Kitale hapakuwa na ubao mpya hata mmoja. Gachanja, karani na mkalimani wake, alilisugua kwa maji ya moto. Harufu ikabaki. Tangu mkewe, aliyeitwa Wangu, afariki miaka mitatu nyuma, hakuwa na mtu wa kumweleza hata jambo dogo kama hilo.

Jana yake, Nekoye, mjane kutoka Kimilili, alikuwa ameacha hapo kipande cha mumewe, kile cheti ambacho lazima mwajiri akitie sahihi ndipo mtu awe huru kuondoka. Mumewe huyo, Wabwile, aliangukiwa na gogo akafa akipasua mbao kwa mzungu mmoja. Mzungu akadai Wabwile alikuwa ametoroka siku mbili kabla, akakataa kutia sahihi, na Pereira akaipeleka kesi mahakamani.

"Watu wanasema jini limeingia kwangu," Nekoye alikuwa amenong'ona. "Si jini, karani. Ni yeye. Kila alfajiri namsikia akienda kazini. Sahihi ikitoka, tutachoma hicho kipande kaburini, apumzike."

Saa tisa alasiri, Pereira akiwa mahakamani na mvua ikipiga mabati, Gachanja akasikia mtu akikohoa kwenye benchi tupu, kisha miguu mitupu ikakanyaga sakafu polepole, ikazunguka meza, ikasimama nyuma ya kiti chake, karibu kabisa, hata akahisi pumzi baridi shingoni.

"Bwana amesema nini?" sauti ikauliza. "Niende nyumbani?"

"Bado," Gachanja akanong'ona.

"Basi nangoja."

Ikawa hivyo kila alasiri. Wiki ya kwanza alimwaga wino juu ya barua. Wiki ya tatu alijikuta akimweleza habari za Wangu, jinsi alivyokuwa akicheka peke yake jikoni. Benchi likalia taratibu, kama mtu amesogea asikie vizuri.

Agosti, hakimu akaamua kwamba Wabwile hakutoroka. Mzungu akaja, akatia sahihi kwa hasira, akaondoka.

"Mwite yule mama achukue," Pereira akasema.

Gachanja akakifungia kipande kwenye droo. Alasiri ikafika.

"Bwana amesema nini?"

Akautia ufunguo wa droo mfukoni. "Bado."

Barua ya kumwita Nekoye hakuandika. Septemba Nekoye akaja mwenyewe, matope hadi magotini.

"Imetoka, ndugu yangu? Siku hizi namsikia analia."

"Bado, mama. Kesi za kazi huchukua muda. Rudi mwezi ujao."

Akamshukuru, akashika njia. Gachanja akafunga mlango kwa komeo, akaketi kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Mkono baridi ukamshika bega, ukakaza. Siku hiyo sauti haikuuliza Bwana amesema nini.