Seti ya Waliolala

Jua lilikuwa linazama Msusi alipofunga saluni na kwenda kutafuta vifuko vya plastiki vya kuvalishia karata zake. Ni hapo jirani tu, hivyo hakuvua hata aproni. Nywele za wateja zilimganda mabegani kama kawaida.

Karata zenyewe si zile za kopa na shupaza. Zilikuwa karata za mapambano, zenye picha za mashujaa, mazimwi na majitu, na kila mchezaji alijipangia seti yake nyumbani, karata kwa karata, kisha akaja nayo kupigana. Jumamosi mchana walikutana chumba cha nyuma cha duka la fotokopi. Na kila Jumamosi Msusi alichapwa na mtu yule yule.

Wifi yake.

Wifi alikuwa mwalimu wa hesabu, mdomo wembe. Tangu mama yake, mkwe wa Msusi, afariki, hakuwahi kumwambia Msusi neno jema. "Mama amekwenda na kinyongo chako," alimtamkia siku ya mazishi, mbele za watu. Kwenye karata ndiko alikomalizia hasira zake. Akishinda, alikusanya karata taratibu huku akisema, "Kusuka ni vidole, shoga. Kupanga ni akili."

Safari hii Msusi aliapa kumkomesha. Alipanga seti ya wafu watupu. Katika mchezo ule, karata iliyouawa hutupwa kwenye rundo liitwalo Shimo, na habari yake ikaishia hapo. Lakini wafu wa Msusi walijua njia ya kurudi. Mchimba Kaburi aliwatupa wenzake Shimoni makusudi, Mjane wa Ukungu akawafukua. Mbwa wa Makaburini alipata nguvu kwa kila mfu aliyelala. Msusi aliwatoa mashujaa aliowapenda, akabadilishana na huyu na yule, akapanga, akapangua, mpaka seti nzima ikawa kama inanuka udongo. Tatizo likabaki moja. Wafu wake walirudi, ndiyo, ila walirudi wanyonge. Alikosa karata ya kumalizia.

Duka la vifuko alilikuta limefungwa. Ila mwisho wa korido ya jengo lile palikuwa na mlango ulio wazi. Mwanamke ameketi nyuma ya meza tupu, gizani, hakuwasha taa.

Halafu ile harufu...

Karafuu maiti.

"Unapanga wafu," mwanamke alinong'ona. Hakuwa anauliza.

Msusi akajichekesha. "Nani kakwambia?"

Karata moja ikasukumwa juu ya meza. Picha yake ilikuwa mlango, na nyuma ya mlango, weusi mtupu. Jina lake Mwitaji. Chini yake maneno machache: *Mtaje aliyekufa. Atakayeitika atasimama upande wako.*

"Unataka nini kwa hii?"

"Kidogo tu."

Mkono ukanyooka. Vidole baridi vikachomoa unywele mmoja begani pa Msusi.

"Huu unanitosha."

Msusi alidhani ni wa mteja. Hakuuangalia mara mbili. Alikwisha kuiona sura ya Wifi akishindwa, na raha aliyoisikia ilimziba macho.

Jumamosi chumba kilijaa. Wifi alikaa, akapanga jeshi lake la chuma mbele yake kwa mistari kama madawati ya darasani.

"Umeleta nini leo, mafuta ya nywele?"

Watu wakacheka. Msusi hakucheka. Alicheza wafu wake mmoja mmoja, na Wifi akawaua mmoja mmoja. Mjane alifukua, chuma kikafukia. Mbwa alibweka zamu moja, naye akaenda. Rundo la Shimo likapanda mpaka likaanza kuporomoka.

"Weka chini, shoga. Umekwisha."

"Bado."

Msusi akaiweka Mwitaji mezani. Wifi akaisoma, akainua nyusi. "Haya, taja."

Angeweza kumtaja yeyote aliyelala Shimoni. Ndivyo mchezo ulivyotaka, naye alijua hivyo. Lakini alimtazama Wifi machoni, akasema polepole:

"Mama yako."

Mashine ya fotokopi upande wa pili ikakata sauti katikati ya karatasi.

Harufu ikaja.

Nyuma ya kiti cha Msusi, kitu kikaburura miguu sakafuni. Krrr... krrr... Kikasimama. Msusi akasikia baridi utosini, kama mtu amempulizia. Hakuthubutu kugeuka.

Wifi alikuwa anatazama juu ya bega lake. Kisha akatazama mlangoni. Kisha begani tena. Karata zikamtoka mikononi. Akainuka, akaangusha kiti, akakimbia bila kuchukua seti yake.

Anayekimbia meza ameshindwa. Msusi alikuwa ameshinda, lakini hakuna aliyempigia makofi.

"Umezidi," mwenye duka alimwambia kwa sauti ya chini. "Hata uadui una mpaka wake."

Mume wa Msusi alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na wiki ile hakuwepo. Jioni hiyo Msusi alikuwa peke yake sebuleni, akikunja nguo, aliposikia sauti kutoka jikoni.

"Mwanangu..."

Sauti ya mama mkwe. Ile ile, yenye mkwaruzo. Na Msusi, kwa mazoea ya miaka ya kuishi na mkwe, akajibu kabla hajafikiri.

"Abee, mama."

Jikoni hapakuwa na mtu.

Kesho yake ikaita tena. Aliogopa, lakini ndani ya woga palikuwa na kitu kitamu. Mama mkwe hakuwahi kumwita mwanangu alipokuwa hai. Sasa amesamehe, Msusi alijiambia, na Wifi apasuke. Sauti ikaanza kuagiza vitu vidogo. Funga pazia, mwanangu. Usiimbe. Usiende kazini leo. Na kila ilipoita, Msusi aliitika. Saluni ikabaki na kufuli. Mashavu yakamwingia ndani.

Alasiri moja mlango ukagongwa. Alikuwa Wifi, hana rangi usoni.

"Umekuja kumchukua?" Msusi akamvamia. "Hataki kwako. Mimi ndiye ananiita mwanangu."

"Sema taratibu." Wifi alikuwa ananong'ona. "Mama hakuingia mle chumbani. Nilimwona. Alibaki mlangoni, analia, ananiashiria nitoke. Ndiyo maana nikakimbia."

"Na aliyekuwa nyuma yangu?"

Wifi akatikisa kichwa. "Simjui. Alikuwa ameinama... anakunusa nywele."

Msusi akashika fremu ya mlango.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu nakuchukia." Wifi hakukwepesha macho. "Siku zote hizi nimejiambia, acha limpate. Leo nimeshindwa. Toka, hivyo hivyo ulivyo. Usichukue kitu."

Krrr... krrr...

Sauti ile ilikuwa imeshatoka jikoni. Sasa ilikuwa sebuleni.

"Mwanangu... nani huyo?"

Wifi akamdaka mkono. "Usiitike," akanong'ona. "Nakuomba, usiitike."

Msusi akauma midomo mpaka akaonja damu. Mguu mmoja ukavuka kizingiti. Hewa ya nje ikampiga usoni, safi, ina joto la jua. Wifi alivuta kwa nguvu zake zote.

"Mwanangu..."

Safari hii ikaita kwa upole, kama mtu anayemwamsha mtoto. Midomo ya Msusi ikafunguka yenyewe.

"Abee."

Na mguu uliokuwa nje ukarudi ndani. Wifi akabaki kibarazani, vidole vimeshika hewa, mlango ukijifunga taratibu mbele ya uso wake.

Mume aliporudi safari alimkuta mkewe jikoni, mzima, mtulivu, chakula kiko tayari. Dada yake alipomsimulia, alimfokea na kumwambia aache wivu wake. Mpaka leo ndugu hao hawasalimiani. Mume anasema mke wake hana tatizo lolote. Amebadilika kidogo tu: hasuki tena, na hapendi madirisha wazi.

Na ukimwita kwa jina lake, haitiki.